Nairobi hadi New York: Saa za Angani na Saa za Ardhini

Mhadhara uliotolewa mbele ya walimu, wanafunzi na wakazi wa Makadara katika Ukumbi wa Kaloleni, Nairobi



Nawashukuru wasimamizi kwa kutufungulia ukumbi huu. Umesikia mambo mazito kuliko haya yangu. Siku za mkoloni, humu ndimo viongozi wa Kiafrika walimokutana na watu wao na kubishana hadi usiku, na wenyeji wakauona kama bunge lao. Kwa hiyo nikikohoa kidogo kabla ya kuanza, mjue ni heshima, si mafua.

Nimeombwa nizungumzie swali ambalo wanafunzi wa jiografia huuliza kila mwaka, na wazazi huuliza kila anapopatikana kijana wa kusindikizwa: kutoka Nairobi hadi New York ni mbali kiasi gani, na ndege huchukua saa ngapi? Jibu la haraka ni kilomita 11,800 hivi, saa 15 kwenda na saa 14 kurudi. Ningeweza kukomea hapo mkanywa chai yenu.

Lakini nia yangu ni kuwaonyesha kwamba saa hizo hazitokani na kilomita peke yake. Mwendo wa ndege za abiria uliacha kuongezeka tangu miaka ya sitini, kabla wengi wenu humu hamjazaliwa. Kilichopunguza safari tangu wakati huo, na kinachoirefusha hata leo, kiko ardhini: uwanja uko juu kiasi gani, nani ametoa ruhusa, ndege inatua wapi njiani, foleni ina watu wangapi, na barabara ya kutoka nyumbani kwako ikoje. Na sehemu kubwa ya ardhi hiyo, kwa upande wetu, ni hii ya Eastlands, mashariki ya Nairobi. Hoja zangu ni tano. Hazilingani kwa urefu, na sikujaribu kuzilinganisha.

Hoja ya kwanza: kilomita zenyewe

Mwalimu wa zamu ameniletea mpira wa miguu. Tuseme huu ndio dunia. Weka kidole cha kushoto hapa palipo Nairobi, chini kidogo ya ikweta, na cha kulia huku New York, kwenye latitudo ya 40 na kitu kaskazini. Sasa kaza uzi kati ya vidole viwili. Uzi ukikazwa vizuri huchagua wenyewe njia fupi kuliko zote, na mkiufuata kwa macho mtaona unaelekea kaskazini magharibi. Unapita juu ya Uganda na Sudan Kusini, unaikata Chad na pembe ya Niger, unavuka jangwa la Algeria, kisha unaingia Morocco. Nilipopiga hesabu ya katikati ya safari, kilomita 5,900 kutoka huku na 5,900 kutoka kule, nukta iliangukia karibu na mji wa Marrakech. Maana yake ni kwamba abiria wa New York anatumia karibu nusu nzima ya safari yake akiwa bado juu ya bara la Afrika. Watu hudhani ukishapanda ndege ya Marekani, bahari inaanza pale Naivasha.

Chukueni sasa ramani ya ukutani, ile bapa ya darasani, mpige mstari kwa rula kutoka Nairobi hadi New York. Rula itawapitisha kusini zaidi, juu ya Afrika Magharibi hadi pwani ya Mauritania, na njia hiyo ina urefu wa kilomita 12,170 hivi. Tofauti na njia ya uzi ni kama kilomita 350. Wengi wakisikia habari za dunia mviringo hutarajia muujiza mkubwa. Ukiwa unatoka London kwenda Tokyo, naam, uzi na rula hutengana vibaya sana. Sisi tunaoishi jirani na ikweta hatufaidi sana, ingawa kilomita 350 ni kama dakika 25 za kuruka, na dakika 25 ni mafuta mengi.

Rubani naye hafuati uzi kwa utiifu. Kuna anga zinazofungwa kwa sababu ya vita. Tangu mapigano ya Khartoum yalipoanza Aprili 2023, ndege za abiria zimelazimika kuizunguka Sudan, na kabla ya hapo Libya ilikwisha kuyatia mashirika ya ndege wasiwasi. Kwa hiyo kilomita 11,800 ni umbali wa hesabu. Umbali wa kweli wa usiku wowote ule huwa umezidi kidogo.

Hoja ya pili: mwinuko wetu

Hapa nitakaa, kwa sababu ndipo Nairobi inapotofautiana na miji mingi mikubwa, na ni jambo ambalo halisemwi sana.

Uwanja wa Jomo Kenyatta, pale Embakasi, uko mita 1,600 na ushee juu ya usawa wa bahari. Hewa ya huku juu ni nyepesi kuliko ya Mombasa. Bawa la ndege hubebwa na hewa inayopita juu na chini yake, na injini nayo hupata nguvu kwa kuvuta hewa. Hewa ikiwa nyepesi, bawa linapungukiwa na injini inapungukiwa. Ndege inabidi ikimbie zaidi ardhini kabla haijang'oka. Ndiyo sababu barabara ya kurukia pale Embakasi ina urefu wa zaidi ya kilomita 4. Ukitembea kwa miguu kutoka mwanzo wake hadi mwisho, kama wangekuruhusu, utatumia karibu saa nzima.

Sasa tazameni ndege inayopewa kazi hii. Shirika la Kenya Airways hutumia Boeing 787-8, ile inayojulikana kama Dreamliner, yenye viti 234. Uzito wa juu kabisa ambao ndege hiyo inaruhusiwa kuruka nao ni tani 227 na kitu. Kwa safari ya saa 15 hubeba zaidi ya tani 70 za mafuta. Yaani karibu theluthi ya kinachopaa ni mafuta. Abiria na masanduku yao ni sehemu ndogo sana, na kila kilo ya mafuta ya mbele inahitaji mafuta mengine ya kuibeba.

Joto nalo huifanya hewa iwe nyepesi zaidi. Ndiyo maana saa ya kuondoka ina uzito wake. Ratiba iliyotangazwa safari hii ilipoanzishwa iliiweka ndege kuondoka saa tano na dakika ishirini na tano usiku. Zipo sababu za kibiashara, kama vile kufika New York asubuhi ili abiria aunganishe na ndege nyingine. Lakini baridi ya usiku wa Embakasi ni msaada mkubwa kwa rubani. Wanaoishi Utawala na Mihang'o wanajua ninachosema: ndege nzito za usiku hupita juu ya mabati yenu zikinguruma muda mrefu, kwa sababu hazipandi upesi. Usiidhanie ndege hiyo kuwa ni mbovu. Imebeba mafuta ya bara zima na bahari.

Mtu akitaka ushahidi kwamba mwinuko si hadithi, atazame majirani zetu. Uwanja wa Bole, Addis Ababa, uko mita 2,300 na zaidi, mita 700 juu yetu. Ethiopian Airlines ni shirika kubwa kuliko letu na lina ndege nyingi kuliko zetu, lakini kwa miaka mingi safari zake za kwenda Washington zimekuwa zikitua njiani, Dublin au Lomé, kwa ajili ya mafuta. Zikirudi kutoka Washington, ambako uwanja uko karibu na usawa wa bahari, huja moja kwa moja. Ndege ni ileile, na umbali ni uleule. Sisi tumepona kwa tofauti hiyo ya mita 700. Waliochagua kambi ya reli hapa mwaka 1899 walifikiria maji na gari la moshi. Dreamliner haikuwamo kichwani mwao, lakini walituweka mahali ambapo New York inafikika kwa mruko mmoja, kwa shida kidogo.

Hoja ya tatu: upepo na saa

Hii nitaipitia haraka. Kwa nini kwenda ni saa 15 na kurudi ni 14? Kijana mmoja pale nyuma amenong'ona kwamba dunia inazunguka chini ya ndege. Hapana, mwanangu. Hewa inazunguka pamoja na dunia, na ndege imo ndani ya hewa. Ingekuwa hivyo usemavyo, ungeruka juu hapo ulipo ukajikuta umeangukia Ziwani. Sababu ni upepo. Juu ya Atlantiki ya kaskazini, kilomita kumi hivi juu, upepo mkali huvuma kutoka magharibi kwenda mashariki, hasa miezi ya baridi ya kule. Ukienda, unaukabili. Ukirudi, unakusukuma.

Saa za ukutani ndizo zinazowachanganya watu. Desemba, New York iko nyuma yetu kwa saa nane. Katikati ya mwaka, wakishasogeza saa zao, inakuwa saba. Abiria wa Desemba anaondoka karibu saa tano na nusu za usiku, anatua karibu saa kumi na mbili na nusu za asubuhi ya huko. Kwa saa za ukutani amesafiri saa saba tu. Mwili wake unajua ni 15. Jambo ninalolipenda mimi ni kwamba jua lilizama akiwa bado Nairobi saa kumi na mbili na nusu jioni, na katika safari nzima anakwenda magharibi akilikimbia pambazuko. Anapotua, mara nyingi jua halijachomoza. Usiku wake mmoja umekuwa wa saa 20. Waislamu waliomo humu watajua swali linalofuata, la alfajiri iko wapi, na hilo ninawaachia mashekhe wa Pumwani.

Hoja ya nne: viwanja vyetu na vituo vya njiani

Niliposema kwamba sehemu kubwa ya safari hii iko Eastlands sikuwa nawapaka mafuta. Kabla ya Embakasi, mlango wa Nairobi wa ndege kubwa ulikuwa Eastleigh, pale ambapo leo kuna kambi ya jeshi la anga ya Moi. Binti mfalme Elizabeth alitua Eastleigh tarehe 1 Februari 1952, na siku chache baadaye akawa malkia akiwa bado nchini. Uwanja ule ulikuwa wa kijeshi na wa raia kwa pamoja, na ulikuwa umekwisha kuzidiwa.

Basi ukajengwa Embakasi. Na hapa wazee mtaniwia radhi nikisema jambo ambalo halijaandikwa kwenye vibao vya uwanja. Tarehe 24 Aprili 1954 majeshi ya mkoloni yaliuzingira mji huu kuwasaka Mau Mau katika ile operesheni iliyoitwa Anvil. Mitaa iliyopekuliwa nyumba kwa nyumba ilikuwa hii: Bahati, Kaloleni, Makongeni, Pumwani, Shauri Moyo na mingineyo. Watu walipangwa mistari, wakatazamwa na wapambe waliofunikwa nyuso, wakapakiwa kwenye malori. Maelfu walikwenda kwenye kambi. Na wafungwa na mahabusu wa Hali ya Hatari ndio waliotumiwa Embakasi kuchimba mawe na kusawazisha udongo mweusi ule, ili ndege za masafa marefu zipate pa kutua. Gavana Evelyn Baring aliufungua uwanja mwaka 1958. Mimi naona kila hesabu ya umbali wa kutoka Nairobi kwenda kokote duniani ingepaswa kuanzia kwenye kazi hiyo, kwa sababu bila barabara ile ya kurukia hakuna kilomita 11,800 za kuzungumzia. Ungekuwa umbali wa kwenye ramani tu.

Mwaka mmoja baadaye, Septemba 1959, vijana 81 waliondoka Embakasi kwa ndege ya kukodi kwenda kusoma Marekani. Mpango huo ulisukumwa na Tom Mboya, mwanasiasa aliyekuwa akikaa katika nyumba ya halmashauri pale Ziwani, mwendo wa miguu kutoka hapa. Fedha zilichangwa na Wamarekani, na waliotia sahihi barua ya kuomba michango walikuwa Harry Belafonte, Sidney Poitier na mcheza besiboli Jackie Robinson. Kufikia 1963, vijana waliosafirishwa walikuwa wamekaribia 800. Wangari Maathai alikwenda Septemba 1960, na katika kitabu chake Unbowed amesimulia njia yao: walitua Benghazi kule Libya, wakapita Luxembourg, kisha Iceland, ndipo wakavuka kuingia Amerika. Tazameni tena mpira wetu. Safari yao ilipanda kaskazini, ikaruka kutoka nchi hadi nchi kwa hatua fupi, kwa sababu ndege walizopewa hazikuweza kubeba mafuta ya kuvuka mara moja.

Sasa linganisheni mwendo. East African Airways ilipokea Comet 4 mwaka 1960, na mwaka 1966 ikapata Super VC10. Hiyo VC10 ilikata hewa kwa kilomita 900 na zaidi kwa saa. Dreamliner ya leo mwendo wake ni huohuo, kilomita 900 hivi. Miaka sitini, na hatujaongeza kitu! Babu zenu waliopanda VC10 kwenda London waliketi kama saa nane au tisa, na nyinyi mtaketi hizohizo. Mabadiliko makubwa yalikuwa yamekwisha kupita. Mwaka 1932 Imperial Airways ilipofungua njia ya London hadi Cape Town, abiria aliambiwa siku 11, akilala njiani kila usiku. Kutoka siku 11 hadi usiku mmoja ni mapinduzi. Kutoka VC10 hadi Dreamliner ni maendeleo ya mafuta na ya masafa. Ndege ya leo haikimbii zaidi, ila inakwenda mbali zaidi bila kutua.

Na kutotua ni jambo la karatasi kama lilivyo la injini. Pan Am iliwahi kufika Nairobi kutoka New York kwa kupitia miji ya Afrika Magharibi, kisha ikaacha. Baada ya hapo, kwa miaka mingi Mkenya alipitia London, Amsterdam, na baadaye Dubai au Doha. Ili ndege yetu ipeperuke moja kwa moja hadi kule, ilibidi FAA, mamlaka ya Marekani inayosimamia usalama wa anga, iridhike kwamba Kenya inasimamia safari zake ipasavyo, na uwanja wenyewe upangwe upya ili wanaoondoka wasichanganyike na wanaowasili. Tulikuwa tumeungua pia. Moto wa 7 Agosti 2013 uliteketeza jengo la kuwasili, na kwa muda abiria wa kimataifa walipokelewa kwenye mahema. Idhini ya FAA ilikuja Februari 2017. Ndege ya kwanza ikaondoka tarehe 28 Oktoba 2018. Umbali wa Nairobi na New York haukupungua hata mita moja mwaka huo. Safari ilipungua kwa saa sita, nane, kumi, kutegemea ulikuwa unasubiri wapi.

Hoja ya tano: saa za ardhini za leo

Tumchukue abiria mmoja wa Umoja. Simtaji jina kwa kuwa ni yeyote kati yenu. Tiketi yake inasema saa tano na ushee usiku. Ameambiwa awe uwanjani saa tatu kabla. Anajua Outer Ring ya jioni: ilipanuliwa, ina madaraja, inapendeza, na saa kumi na moja jioni bado inaweza kukuweka pale Donholm hadi ukariri matangazo yote ya vibao. Ile barabara ya juu ya kulipia, ya kutoka Mlolongo hadi Westlands, ilifunguliwa 2022 na imewasaidia sana watu wa Westlands. Mtu wa Umoja haipiti. Yeye njia yake ni Outer Ring, kisha Airport North Road, au apande matatu ya 34 kama ana begi moja na moyo wa chuma. Kwa hiyo anatoka nyumbani saa kumi jioni, akiwa na sanduku lililopimwa mara tatu kwa mizani ya duka la nyama, unga wa wimbi umefungwa ndani ya nguo, na jamaa saba wa kumsindikiza ambao hakuna atakayeruhusiwa kupita mlango wa kwanza.

Hesabuni. Karibu saa saba na nusu kabla ya kung'oka, saa 15 angani, kisha foleni ya uhamiaji pale JFK, uwanja wa New York, mizigo, na treni ya kuingia mjini. Siku nzima na zaidi, na zaidi ya theluthi moja yake ameitumia akiwa anakanyaga ardhi.

Hapo sijahesabu viza. Ada ya maombi ya viza ya matembezi ni dola 185 tangu katikati ya 2023, na hairudishwi ukinyimwa. Unajaza fomu, unalipa, unangoja siku ya mahojiano ubalozini Gigiri. Kungoja huko kumekuwa kukihesabiwa kwa miezi. Raia wa Marekani akitaka kuja Nairobi, anajaza kibali chake mtandaoni jioni moja akiwa sebuleni. Kwa hiyo mtu akiniuliza New York iko mbali kiasi gani, mimi humwuliza kwanza ana pasipoti ya wapi. Njia ya uzi ni moja kwa wote wawili. Safari si moja.

Kuna jambo lingine ambalo furaha ya 2018 ililifunika. Wakenya wa Marekani hawakai New York peke yake. Wako New Jersey jirani, naam, lakini wako wengi pia Texas, Georgia, Massachusetts, na Minnesota, ambako Wasomali waliopitia Eastleigh wana mitaa yao kamili. Mfanyabiashara wa Jam Street, Eastleigh, anayekwenda kumwona dada yake Minneapolis, akitua JFK bado ana kilomita 1,600 na zaidi mbele yake, pamoja na kupita uhamiaji, kuchukua sanduku na kulikabidhi upya. Wa Dallas ana kilomita 2,200. Kwao, kupitia Amsterdam au Doha kunaweza kufikia saa zilezile, wakati mwingine pungufu, kwa kuwa kutoka huko zipo ndege za moja kwa moja hadi mji wanaoutaka. Ndiyo maana wakala wa tiketi mjuzi hakuulizi unakwenda nchi gani. Anauliza mji, kisha anauliza una watoto wangapi, maana kubadilisha ndege ukiwa na pacha wa miaka miwili ni safari nyingine kabisa.

Na kabla hatujaionea huruma Minneapolis, tukumbuke abiria wa basi la Mandera, anayepandia hapa hapa Eastleigh. Ana zaidi ya kilomita 1,000 za barabara kupitia Garissa na Wajir, na vizuizi vya usalama njiani. Aliyeondoka saa moja naye kwenda JFK, bila jamu na bila viza ya kungoja, atakuwa ameshakunywa chai Marekani kabla basi halijafika.

Tunakoelekea

Nimalizie kwa kutazama mbele, kisha nikae.

Ndege za kwenda mbali zaidi zipo tayari. Singapore Airlines huruka kutoka Singapore hadi New York, kilomita 15,300 na zaidi, saa 18 na kitu, kwa Airbus A350 iliyotengenezewa masafa hayo. Wakati wa mapumziko nilipiga hesabu zetu kwa njia ya uzi. Nairobi hadi Dallas ni kilomita 14,000 hivi. Imo ndani ya uwezo wa ndege hizo, kama tatizo la mwinuko wa Embakasi litapatiwa dawa, ama kwa kupunguza abiria, ama kwa injini zenye nguvu zaidi. Nairobi hadi Los Angeles ni kilomita 15,500 na zaidi, ndefu kuliko safari hiyo ya Singapore. Swali basi halitakuwa kama chuma kinaweza. Litakuwa kama wako watu 200 kila siku wenye nauli na viza wanaotaka kwenda Dallas, na wengine 200 wa kuirudisha ndege.

Upande wetu wa uwanja nako kuna mambo ya kufuatiliwa. Habari ya barabara ya pili ya kurukia pale Jomo Kenyatta imezungumzwa miaka mingi. Mwaka 2024 ulizuka mpango wa kuukabidhi uwanja kwa kampuni ya Adani ya India, wafanyakazi wakagoma Septemba, wengi wao ni majirani zenu wa Embakasi na Pipeline, na mwezi wa Novemba rais akautangaza kuwa umefutwa. Mahitaji yaliyoleta mpango ule hayakufutwa pamoja nao. Barabara ya kurukia bado ni moja, paa bado huvuja mvua kubwa ikinyesha, na anayeishi kilomita chache kutoka uwanjani bado hana treni wala basi la uhakika la kumfikisha usiku. Mradi mpya ukija, na utakuja, ningependa kwenye vikao vya kutoa maoni waonekane watu wa Utawala, Tassia na Umoja, wakiwa na hesabu zao mkononi: dakika ngapi kutoka mlangoni kwangu hadi kaunta, leo, na dakika ngapi mradi ukikamilika.

Kwa kuanzia, nimekubaliana na walimu kwamba mpira huu na uzi wake vitabaki kwenye maktaba ya Kaloleni. Kidato cha pili watapima miji kumi wanayoichagua wenyewe. Nimesikia Guangzhou iko juu ya orodha, kwa kuwa mama zao huagiza viatu huko, na Doha, kwa kuwa kaka zao wanafanya kazi huko. Muhula ujao watakuja mbele ya ukumbi huu na kila mji watauandikia kilomita, saa za angani, na saa za ardhini, wakianzia kwenye kituo cha matatu kilicho karibu na nyumbani.

Bwana Mwenyekiti, nimemaliza. Nipo tayari kwa maswali, na nitaanza na yule kijana wa pale nyuma, maana bado haniamini habari ya kurukia Ziwani.